Salio

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, Trieste,
na upepo wetu, huu tunaouita bora
ingawa ubora wake sijauona,
umenivua kofia mara mbili penye daraja la mfereji.
Natafuta zawadi ya dada yangu Ondina,
ambaye hatujasemezana miaka sita.

Umpe nini mtu usiyesema naye?
Manukato? Atadhani namwambia ananuka.
Skafu? Ataona kitanzi.
Kitabu hudai maneno mawili ukurasa wa kwanza,
nami sina hata moja.

Basi nikapenya vichochoro vya nyuma ya uwanja mkuu,
kwenye maduka ambayo hata wenyewe hawajui wanauza nini.
Duka la vifungo: droo mia tatu, muuzaji mmoja, mafua.
Akanionyesha kifungo cha koti la nahodha,
kimoja tu. "Pacha wake," akasema, "yuko chini ya maji."
Duka la ramani zilizokosewa:
kisiwa ambacho hakijawahi kuwepo, euro tisini na tano,
na fremu ni bei mbali.
Kisha bundi aliyejazwa pamba,
jicho moja la kioo, la pili kifungo
(nikaelewa biashara ya mtaa huu inavyozunguka).
Nusura nimnunue. Alinitazama
kama Ondina alivyonitazama siku ya mazishi.

Hatukugombania nyumba. Nyumba ilikuwa ya kupanga.
Tuligombania kinu cha kahawa cha mama,
cha shaba, mpini umepinda
tangu baba alipokigeuza nyundo.
Nilisema: umekificha.
Akasema: kimepotea.
Nikasema neno la tatu, ambalo silirudii hapa.

Duka la mwisho ni la mzee Cossutta,
linanuka vanishi na paka.
Kwenye rafu, kati ya pasi ya makaa
na viatu vya kuteleza barafuni vya mtoto,
kinu.
Mpini umepinda palepale.

"Hicho hakiuzwi," akasema, mdomo umejaa mkate.
"Kina mwenyewe. Alikiweka rehani
majira yale mumewe alipolazwa.
Muda wake ulikwisha zamani, lakini nifanyeje?
Kila mwezi huleta euro kumi. Mwezi mwingine tano.
Akishalipa hukizungusha mara moja, kitupu,
akasikiliza,
akaenda zake."

Mumewe alilazwa.
Sikujua alilazwa.

Nikauliza salio. Akalamba kidole, akafunua daftari,
akashuka na safu ndefu ya vitarakimu vidogo
kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
"Thelathini na tano. Wewe nani wake?"
"Mteja," nikasema.

Nilikuwa nimetenga sitini kwa ajili ya kitu cha ajabu.
Nikahesabu thelathini na tano juu ya kaunta,
noti na sarafu, sarafu moja ikabingirika chini ya kabati,
tukapiga magoti sote wawili kuitafuta
na paka akatuangalia.

"Nikifunge kwa karatasi?"
Usikifunge. Usikifute hata vumbi.
Akikute kama alivyokiacha.
"Na akiuliza nani kalipa?"
Hapo nikasimama kidogo. Dirisha lilikuwa linagonga.
"Mwambie kulikuwa na kosa la hesabu.
La zamani."
Mzee akaandika. Aliandika kweli, kwa wino:
*kosa la hesabu, la zamani.*

Nje, kofia ikaondoka mara ya tatu;
nikaiacha iende ilikokuwa inataka tangu asubuhi.
Nikarudi kwa bundi.
Ishirini na tano, bila risiti.
Nilihitaji kubeba kitu, nisionekane mtu
aliyetoka madukani mikono mitupu.

Usiku huu yuko mezani, ameegemea bakuli la sukari.
Jicho la kioo linatazama ukuta.
Lile la kifungo
linatazama simu.